Mbwa mwenye kifafa, tumehamia Mbarara: dawa yake ya kila siku tutaipataje?

Kakoba_Mbr

Habari zenu. Naomba msaada wa wanaojua mambo haya, maana siku zinahesabika.

Mbwa wetu Simba ni dume, mchanganyiko wa German Shepherd, umri miaka minne, kilo 24 alipopimwa mara ya mwisho. Ana kifafa. Kliniki moja ya Kampala ilimwanzishia fenobabitoni ya miligramu 30, bahasha imeandikwa "2x2", na tangu hapo kifafa kinamshika mara moja kwa miezi miwili au mitatu badala ya kila wiki mbili. Sasa tumehamia Mbarara, na vidonge vimebaki 36.

Nimepiga simu kliniki ile wanitumie vingine kwa basi. Wamekataa, wanasema miezi saba imepita bila mbwa kuonwa wala damu kupimwa. Maduka ya dawa za mifugo hapa mjini yamejaa dawa za ng'ombe, hii hawana. Famasi ya kwanza ya watu ilitaka cheti cha dawa. Ya pili ikasema cheti cha daktari wa wanyama haikitambui.

Nauliza mambo matatu. Kwa nini daktari aliyeandika dawa hii mwenyewe akatae kuirudia, wakati ugonjwa ni ule ule na mbwa ni yule yule? Cheti cha daktari wa wanyama kina nguvu kwenye famasi ya watu au hakina? Na je, ni lazima tumpeleke Simba Kampala, karibu kilomita 270, kwa ajili ya vidonge tu?

Dkt_Wanyama_Kla

Pole ndugu. Nianze na lenye haraka. Vidonge 36 kwa "2x2" ni vidonge 4 kwa siku, yaani siku 9. Usianze kumpunguzia ili vifike mbali, na usiache vikaisha halafu ndipo uhangaike. Mwili wa mbwa aliyekwisha kuzoea fenobabitoni ukikatiwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu kuliko kabla ya matibabu, na anaweza kushikwa mfululizo bila kupata fahamu katikati. Hiyo huua. Hata daktari akiamua kumwachisha, huteremsha kipimo kidogo kidogo kwa miezi.

Sasa swali lako la kwanza. Unasema mbwa ni yule yule. Kwa dawa hii, hapana, na sababu zake ni hizi.

Fenobabitoni huvunjwa na ini, na kadiri ini linavyoizoea ndivyo linavyoivunja haraka zaidi. Kwa hiyo Simba anaweza kula vidonge vile vile vinne kila siku, na baada ya miezi kadhaa kiasi kilichomo kwenye damu kikawa kimeshuka. Ninyi mtaona kifafa kinakaribiana, mtadhani ugonjwa umezidi au dawa ni bandia.

Halafu kuna uzito. Dawa hii huleta njaa kubwa. Mbwa anakula, anaomba tena, nyumba nzima inamhurumia, anatoka kilo 24 hadi 29. Miligramu 60 kwa mbwa wa kilo 24 ni miligramu 2.5 kwa kila kilo, kiwango cha kawaida cha kuanzia, kwa kuwa huwa tunaanza na miligramu 2 hadi 3 kwa kilo, kila baada ya saa 12. Akifika kilo 29 kipimo kile kile kimekuwa miligramu 2 kwa kilo.

La mwisho ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Ini lenyewe linaweza kuumia, hasa kiwango cha dawa kwenye damu kikipita mikrogramu 35 kwa mililita moja. Tunakotaka kiwe ni kati ya 15 na 35. Mbwa mwenye 12 na mbwa mwenye 40 wanaweza wote kuwa wanakula "2x2", na kwa macho tu hutajua yupi ni yupi. Ndiyo maana damu hupimwa kama wiki mbili baada ya kuanza au kubadilisha kipimo, kisha kila miezi sita, pamoja na vipimo vya ini.

Kwa hiyo daktari wako akitia sahihi leo, anathibitisha kwamba dawa hii kwa kipimo hiki inamfaa Simba wa leo. Miezi saba imepita, hana la kuthibitisha. Hajakataa kwa ukaidi.

Lakini kukataa na kukuacha hewani ni mambo mawili. Mpigie tena, na safari hii omba vitu viwili kwa pamoja: muhtasari wa faili la Simba kwa maandishi, na dawa ya siku 14 tu ya kuvukia huku ukimpa tarehe kamili mbwa atakapopimwa damu. Madaktari wengi hukubali wakisikia tarehe. Ombi la "nitumie za miezi mitatu" ndilo linalokataliwa.

Mtu_wa_Mjini

Kwani shida yote ya nini? Mtume mtu Container Village pale Nakivubo, Kampala, maduka ya dawa za wanyama yamejaa, atapata. Weka kwenye basi la jioni, asubuhi unazo Mbarara. Mbwa hajabadilika, kipimo unakijua, cheti cha kazi gani?

Mfamasia_Magharibi

Mtu_wa_Mjini, nakujibu kwa uzito kwa sababu ushauri huu unaweza kumgharimu mtu mbwa wake, na mwenye duka leseni yake.

Fenobabitoni imo kwenye Jedwali la IV la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili, pamoja na diazepamu. Ni dawa inayodhibitiwa kwa binadamu na kwa mnyama. Hapa Uganda dawa za watu na za wanyama ziko chini ya mamlaka moja, NDA (Mamlaka ya Taifa ya Dawa), kwa sheria ya 1993, na dawa zimegawanywa madaraja. Duka la kawaida la dawa lina leseni ya daraja C tu, kama dawa za minyoo na za maumivu madogo. Kinachohitaji cheti hutolewa na famasi yenye mfamasia, au na kliniki kwa mgonjwa wake yenyewe. Duka likikuuzia fenobabitoni kwenye mfuko mweusi bila cheti, hujui imetoka wapi, imekaa juani kwa muda gani, wala kama kilichomo ndicho kilichoandikwa. Kwa dawa ya kutuliza maumivu ungegundua siku hiyo hiyo kwamba haifanyi kazi. Kwa ya kifafa utagundua usiku mbwa akiwa sakafuni.

Kakoba_Mbr, swali lako la pili. Daktari wa wanyama aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Wanyama ya Uganda ana haki ya kuandika cheti kwa mgonjwa wake, na famasi ya watu inaweza kukitoa. Vidonge vya miligramu 30 anavyotumia Simba ni vile vile vya watu. Famasi ile ya pili huenda ilikataa kwa sababu imezoea kuletewa vyeti vilivyoandikwa vibaya, au kwa sababu aliyekuwa kaunta hakuwa mfamasia. Rudi mchana mfamasia akiwepo, umwombe yeye mwenyewe.

Vyeti vingi vya wanyama vinavyoletwa ni kipande cha karatasi kilichoandikwa "Phenobarb 2x2" na sahihi isiyosomeka. Hicho hata mimi nakirudisha. Kinachotolewa bila mabishano kina haya: jina la kliniki, simu na muhuri, tarehe, jina la mwenye mbwa na anapoishi, jina la mnyama, aina yake na uzito, jina la dawa, nguvu ya kidonge, kipimo, idadi ya vidonge kwa tarakimu na kwa maneno, inaruhusiwa kurudiwa mara ngapi na baada ya siku ngapi, jina la daktari, nambari yake ya usajili na sahihi, na maneno "kwa matumizi ya mnyama tu". Kwa Simba ingesomeka hivi:

*Mbwa "Simba", kilo 24. Fenobabitoni, vidonge vya mg 30. Vidonge 2 kwa mdomo kila baada ya saa 12. Toa vidonge 120 (mia moja na ishirini). Kurudia: mara 2, si kabla ya siku 28. Kwa matumizi ya mnyama tu.*

Idadi kwa maneno ipo kwa sababu 20 ni rahisi kugeuzwa 120 kwa kalamu. Uzito upo ili mfamasia aweze kupiga hesabu mwenyewe na kumpigia daktari simu akiona haiendani. Picha ya cheti kwenye simu inasaidia kuulizia kama dawa ipo, lakini dawa inayodhibitiwa hutolewa kwa karatasi yenyewe. Kwa hiyo karatasi ndiyo ya kutuma kwa basi, wala si vidonge.

Na tahadhari mbili za kaunta. Kwenye kopo utaona "Phenobarbitone" au "Phenobarbital": ni dawa ile ile, usiikatae kwa sababu ya jina. Ila usikubali kubadilishiwa fenitoini au kabamazepini kwa maneno kwamba "nayo ni ya kifafa". Kwa watu ni kweli. Mwili wa mbwa huzivunja haraka mno, dawa haikai kwenye damu. Vivyo hivyo dawa za maji za watoto, usizichukue bila kusoma vilivyomo: baadhi hutiwa utamu wa zailitoli, ambao humshusha mbwa sukari ya damu na kumwumiza ini.

Kaunta_Ntinda

Niongeze upande wa kliniki, kwa kuwa watu wengi hawajui dawa ya kurudia hupitia wapi kabla ya kufika mkononi.

Ukipiga simu kuomba dawa, anayepokea hana mamlaka ya kusema ndiyo. Anafungua faili, anaangalia mara ya mwisho mnyama kuonwa, uzito, kipimo cha mwisho cha damu, na dawa zilizotolewa ziliisha au zilipaswa kuisha lini. Faili linapelekwa kwa daktari. Daktari akikubali anaandika, mwingine anahesabu, wa pili anahesabu tena kama ni dawa inayodhibitiwa, na inaingizwa kwenye daftari lake: tarehe, mnyama, idadi iliyotoka, idadi iliyobaki kabatini. Idadi ya kabatini isipolingana na daftari, kazi yote husimama mpaka ijulikane. Ndiyo maana "nipo njiani na boda, niandalieni" haiwezekani. Piga vidonge vikibaki vya siku 10, usisubiri viwe viwili.

Hiyo hesabu ya "zilipaswa kuisha lini" ina kazi. Vidonge 120 vikiisha siku ya 20, mtu anatoa zaidi, au dawa inakwenda kwingine. Vikiwa bado vipo siku ya 45, mbwa anarukishwa dozi. Daktari akiuliza habari hizo usione unashukiwa. Huwezi kusoma kipimo cha damu bila kujua mbwa alikuwa anapewa kweli au hapewi.

Sasa bahasha. "2x2" kwa desturi yetu maana yake vidonge viwili mara mbili kwa siku. Kwa Simba namba zinafanana, kwa hiyo hata ukizigeuza hupotei. Lakini dawa nyingine ikiandikwa "1x2", yupo anayeisoma kidonge kimoja mara mbili, na yupo anayeisoma mara moja vidonge viwili. Mwambie anayeandika aandike kwa maneno.

Kosa linaloumiza kuliko hilo ni la saa. Mtu wa kliniki anaandika "8 – 8" akiwaza kwa saa ya Kiingereza. Anayempa mbwa dawa nyumbani ni kijana wa nyumbani au askari wa getini, na kwake yeye 8 ni saa nane. Anampa saa nane mchana. Usiku wa saa nane hakuna anayeamka, basi dozi ya pili inatolewa saa moja jioni kwa kuwa ndipo mbwa analishwa. Hapo kuna saa 5 katikati ya dozi mbili na saa 19 hadi nyingine. Andika kwenye bahasha kwa kalamu nzito: saa 1 asubuhi, saa 1 usiku, umwonyeshe na saa ya simu. Pembeni bandika karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa kila dozi, anayempa anatia alama. Bila alama mtabaki na "nadhani mama alishampa".

Kakoba_Mbr

Asanteni sana, nimejifunza mengi kwa saa chache. Nimeongea na kliniki. Wamekubali siku 14 na cheti kitakuja kwa basi kesho, kwa sharti kwamba damu ichukuliwe ndani ya wiki hii. Nimempima Simba kwa mzani wa bafuni, nikiwa nimembeba kisha nikiwa peke yangu: anatoka kilo 28. Kwa hiyo mlichosema cha njaa ni kweli kabisa.

Maswali mapya. Damu inaweza kuchukuliwa hapa Mbarara? Kwa kuwa amezidi kilo 4, nimwongeze nusu kidonge? Na tangu tuhamie, kupe ni wengi ajabu. Kijana anayetusaidia alipendekeza tumwogeshe kwa dawa ya ng'ombe ya jirani. Bado hatujafanya.

Dkt_Wanyama_Kla

Hapo kwenye kupe umefanya vizuri kuuliza kabla. Niruhusu nikae hapo kidogo.

Dawa za kuogeshea ng'ombe hutengenezwa nzito ili zichanganywe kwenye maji mengi. Aliyezoea kupima kwa kifuniko kwenye ndoo ya ng'ombe hawezi kumpimia mbwa wa kilo 28. Zile za kundi la oganofosfati, kama klofenvinfosi, zikizidi humfanya mbwa atoe mate, atetemeke, na ashikwe na degedege. Kwa Simba mtadhani ni kifafa chake, mtamwongezea fenobabitoni, kumbe ni sumu inayohitaji dawa nyingine kabisa. Amitrazi nayo humlegeza, na mapigo ya moyo hushuka. Asiogeshwe na dawa ya jirani.

Vidonge vya kupe vya mbwa navyo si vyote vinavyomfaa. Kundi la fluralaneri na afoksolaneri ni zuri kwa mbwa wengi, lakini mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba kuna mbwa waliotetemeka au kushikwa na degedege baada ya kuvila, na wenye historia ya kifafa ndio wa kuangaliwa zaidi. Muulize daktari atakayemwona. Kwa sasa mtoeni kupe kwa mkono kila jioni: masikioni, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Shika kupe karibu kabisa na ngozi kwa kibano, vuta polepole bila kuzungusha, mtumbukize kwenye spiriti.

Na kwa kuwa kupe ni wengi, huenda siku moja akapata homa ya kupe. Akishikwa nayo atakayemtibu lazima ajue yuko kwenye fenobabitoni, kwa sababu dawa hizi hugongana. Klorampenikoli, antibiotiki ambayo ni rahisi na ipo kila mahali, huzuia ini lisiivunje fenobabitoni: kiwango hupanda, mbwa analala kutwa, anapepesuka. Doksisaiklini, antibiotiki nyingine, hupungua nguvu, kwa sababu ini lililochangamshwa na fenobabitoni huivunja haraka. Enrofloksasini, nayo antibiotiki, inaweza kukaribisha kifafa. Andika kwenye kola yake au kwenye kadi yake ya chanjo: "ANATUMIA FENOBABITONI". Wewe unaweza usiwepo siku hiyo.

Nusu kidonge: usimwongeze. Najua hesabu inaonekana rahisi. Lakini kilo 4 hizo ni mafuta zaidi kuliko misuli, na tunachotibu ni kiwango kwenye damu, mzani unatupa mwanzo tu. Kipimo cha damu kikija mikrogramu 28 na kifafa kimetulia, hatugusi kitu hata akiwa na kilo 30, tunapunguza chakula. Kikija 13 na bado anashikwa, hapo ndipo tunaongeza. Ukimwongeza leo na damu ikachukuliwa Ijumaa, namba itakayotoka haitaeleza kipimo cha zamani wala kipya, kwa sababu dawa huchukua kama wiki mbili kutulia. Mtakuwa mmelipia kipimo kisichosomeka.

Damu ndiyo, ichukuliwe huko huko. Nenda ofisi ya afisa mifugo wa wilaya uulize ni daktari gani wa binafsi anayeona mbwa. Wengi kazi yao kubwa ni ng'ombe lakini kutoa damu kwa mbwa wanajua vizuri. Akishamwona Simba na kupata muhtasari wa faili, yeye ndiye awe daktari wake wa karibu na cheti kitoke kwake. Hilo ndilo jibu la swali lako la tatu: safari ya Kampala si lazima, lakini lazima awepo daktari mmoja anayemjua Simba kwa mikono yake.

Maabara ya watu yenye kipimo cha fenobabitoni inaweza kuipima, ni kipimo kile kile. Mrija uwe mtupu wa kifuniko chekundu, usiwe na jeli ndani. Jeli ile hufyonza fenobabitoni, na kadiri damu inavyokaa juu yake ndivyo namba inavyozidi kutoka ndogo kuliko ukweli. Daktari akiamini namba hiyo atampandishia mbwa kipimo bure na kumwumiza ini. Damu iachwe igande, izungushwe kwenye mashine, maji ya juu yahamishiwe kwenye mrija mwingine mtupu, ndipo yasafirishwe. Andika saa aliyopewa dawa na saa damu ilipotolewa. Mara nyingine zote damu itolewe muda huo huo baada ya dozi ili namba zilinganishwe.

Nansana_Paka

Samahani kuingilia. Nina paka anayetibiwa doksisaiklini ya vidonge kwa siku 21. Haya ya kupima na cheti yanamhusu naye? Na kama nikikosa dawa yake, parasetamoli kidogo inaweza kumshushia homa?

Mfamasia_Magharibi

Parasetamoli usimpe hata chembe. Paka hana uwezo wa kuivunja kama sisi. Damu yake hushindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo, uso unavimba, na kidonge kimoja cha watu kinatosha kumuua. Ibuprofeni na diklofenaki pia hapana, kwa paka na kwa mbwa.

Doksisaiklini ni dawa ya cheti, na siku 21 zikimalizika haziongezwi bila kuonwa. Kwa paka hatari iko kooni. Kidonge kikavu hukwama kwenye umio na kuuchoma, kidonda kikipona huacha kovu linalobana njia ya chakula. Kila ukimpa, mfuatishie mililita 5 hadi 6 za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, polepole, pembeni mwa mdomo. Usimfuatishie maziwa: kalsiamu huishika dawa na haifyonzwi vizuri.

Kakoba_Mbr

La mwisho kwangu. Ikitokea dozi imesahaulika tufanye nini? Na kidonge tumpe ndani ya nini? Posho (ugali) anaitema.

Dkt_Wanyama_Kla

Ukikumbuka ndani ya saa chache, mpe hapo hapo na dozi inayofuata ibaki kwenye saa yake. Ukikumbuka dozi inayofuata iko karibu, mpe hiyo inayofuata tu. Usimpe mbili pamoja kufidia. Akitapika ndani ya dakika chache na vidonge ukaviona vizima kwenye matapishi, mpe vingine. Kama huvioni, piga simu kabla ya kurudia.

Posho huteleza na kidonge kinabaki ulimini, na fenobabitoni ni chungu, akishaionja anajifunza. Chukua kipande cha maini ya kuchemsha kinachotosha kumezwa mara moja, kata tundu kama mfuko katikati, ingiza vidonge viwili. Andaa vipande vitatu: cha kwanza hakina kitu, cha pili kina dawa, cha tatu ukiwa umemwonyesha kabla hajamaliza cha pili. Atameza cha pili haraka ili apate cha tatu. Ndizi ya matoke iliyopondwa nayo hushika kidonge vizuri. Kisha simama naye dakika moja, wapo wanaokificha shavuni na kwenda kukitema nyuma ya nyumba.

Daktari wa huko siku moja akiona fenobabitoni pekee haitoshi na kuongeza potasiamu bromaidi, dawa nyingine ya kifafa, mwambie kila anachokula Simba, pamoja na mabaki ya mukene (dagaa). Chumvi ikizidi huiondoa bromaidi mwilini na kifafa hurudi. Chumvi ikikatwa ghafla, bromaidi hujaa na mbwa hulewa.

Akishikwa zaidi ya dakika 5, au mara mbili ndani ya saa 24, usisubiri miadi. Msisogeze mikono mdomoni mwake, zimeni taa na redio, ondoeni viti, mpelekeni. Mwingine arekodi video kwa simu huku mnambeba kwa shuka.

Kakoba_Mbr

Nimempata daktari, alielekezwa na ofisi ya wilaya. Anakuja nyumbani kesho saa tatu asubuhi. Nimemuuliza kuhusu mrija, alikuwa amepanga kuja na wa jeli, ameubadilisha. Dozi ya asubuhi tutampa saa moja kama kawaida na nitaiandika. Majibu yakitoka nitaweka namba hapa.